Sista wa Muthara na Gemu ya Kushikana

Kabla ya kushika pedi ya gemu, Sista alinawa mikono. Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, vile vile alivyonawa akienda kumshona mtu, akajipangusa kwa taulo jeupe lililoning'inia nyuma ya mlango, akavua saa, akaketi. Akimaliza kucheza alinawa tena. Siku moja nilimuuliza kwa nini ananawa baada ya mchezo na hali hajagusa mtu. Akaniangalia juu ya miwani.

"Nimevunja watu wawili mikono," akasema. "Hata kama ni wa televisheni."

Pale Muthara, huko Meru, muuguzi wa kike tulimwita Sista, na huyu alikuwa Sista wetu. Baada ya miaka mingi katika chumba cha majeruhi cha hospitali ya serikali, alifungua kliniki ya vyumba viwili karibu na poshomili, kinu cha kusaga unga. Chumba cha mbele kilikuwa cha wagonjwa. Cha nyuma kilikuwa sebule yake, na humo, juu ya kabati la vyombo, palikuwa na televisheni na mashine ya gemu. Mashine aliachiwa na daktari kijana wa ng'ambo aliyefanya naye kazi mwaka mmoja, ambaye siku ya kurudi kwao aligundua kwamba mizigo yake haitoshi kwenye begi. Hiyo ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini, baada ya ile mvua kubwa iliyobomoa madaraja.

Mimi alinipata kwa sindano. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nanunua miraa kwa wakulima na kuipeleka Mikinduri, na nilikuwa mtu wa ngumi. Sijisifu kwa hilo. Mtu akinitazama vibaya sokoni, nilikuwa nimeshamfikia kabla hajamaliza kutazama. Siku hiyo tulikosana na mpakiaji mmoja kuhusu nafasi ya magunia kwenye gari. Akanipiga na kitu juu ya jicho, nikaletwa kwa Sista shati likiwa limelowa damu.

"Ulimwona akikupiga?" aliniuliza, sindano ikiwa tayari kwenye ngozi yangu.

"Hapana, Sista. Ilikuja haraka."

"Haikukuja haraka. Ni wewe ulikuja haraka." Akavuta uzi. "Hii kidonda imetoka chini ikienda juu. Ulikuwa umeinama, unamkimbilia. Ulimletea uso yako kama zawadi."

Nani atabishana na mtu aliyeshika jicho lake? Alipomaliza aliniambia nirudi Jumatano atoe nyuzi, na nirudi Jumamosi alasiri, wagonjwa wakiisha. Nilidhani Jumamosi ni ya dawa. Nilipofika alinionyesha kiti, akaninawisha mikono, akanipa pedi.

"Cheza," akasema. "Nataka nione vile unapigwa."

Gemu zilikuwa mbili. Moja tuliiita ya moto, kwa sababu watu wake waliruka juu kama panzi na kurushiana moto kutoka viganjani. Vijana waliokuja kusaga unga waliipenda hiyo. Sista aliidharau kabisa. "Nimeshona watu tangu niwe msichana," alisema. "Bado sijaletewa mmoja aliyechomwa na moto ya mkono."

Ya pili ndiyo yake. Sahani yake, ile CD, haikuwa na jina, ila maandishi ya kigeni kwa kalamu nene, nasi tukaiita ya kushikana. Ndani yake mlikuwa na mwanandondi, mpiga mateke, mwanamieleka mwenye upara, na mnene mmoja wa judo aliyevaa koti jeupe lenye mkanda. Waliruhusiwa kuchanganya yote: ngumi, teke, kubebana, kuangushana, kukabana shingo wakiwa chini. Na chini ya kila mmoja palikuwa na mstari wa kijani wa kuonyesha pumzi. Ukirusha ngumi, mstari ulipungua kidogo. Ukirusha ngumi ikakosa, ulipungua zaidi. Aliyeishiwa na mstari alitembea kama mtu anayevuka shamba la matope. Vijana hawakuwahi kuutazama mstari ule. Walitazama nyuso na mateke. Sista yeye aliutazama huo tu.

Alimchagua yule mnene wa koti jeupe, siku zote. Mimi nilimchagua mpiga mateke. Jumamosi ile ya kwanza nilicheza naye mara kumi na moja na nikashindwa zote, na katika zote kumi na moja sidhani alinipiga ngumi zaidi ya tano. Alirudi nyuma nusu hatua. Teke langu likapita. Akazunguka kidogo upande wa kushoto. Teke likapita. Nikaja mbio. Akarudi nusu hatua tena, mpaka mtu wangu akawa anahema mabega yakipanda na kushuka, na hapo ndipo yule mnene akasogea polepole, akanikumbatia, akanilaza chini, akachagua mkono mmoja wa kuukunja.

"Mateke ni ya kupendeza wasichana," akasema bila kuondoa macho kwenye kioo. "Ukiinua mguu umebaki na mmoja. Mimi nimefunga plasta nyingi za huo mmoja."

Alikuwa na maneno yake ya kuchezea, na niliyasikia mara nyingi mpaka yakawa yangu. "Pumzi kwanza" lilikuwa la kila dakika. "Angalia nyonga, mkono unadanganya," alisema nikidanganywa na ngumi ya uongo, kwa maana mtu hawezi kusogea bila nyonga kusogea kwanza, iwe ni kwenye mashine au kwenye foleni ya maji. Na mtu aliyebonyeza vitufe vyote kwa pamoja akitumaini kitu kitatokea, alimwambia anabwabwaja kwa vidole. Adhabu ya kubwabwaja ilikuwa kuondoka kitini na kwenda kuchemsha maji ya vyombo vya kliniki. Mwezi ule wa kwanza nilichemsha maji mengi kuliko mfanyakazi wake.

Alasiri moja nzima alinikataza kupiga. Nilikuwa nimeruhusiwa kutembea tu: nyuma, kando, kuzunguka. Nikirusha hata ngumi moja, natoka. Nililalamika kwamba huo si mchezo. Hakujali. Baada ya kama saa moja niliona kitu ambacho sijui nikieleze vipi. Nilianza kumwona mtu aliye mbele yangu. Niliona wakati anataka kuja, na wakati anajifanya anataka kuja. Maisha yangu yote nilikuwa nimepigana na watu ambao sikuwahi kuwaona.

Jambo lililonishangaza zaidi ni namna alivyopenda kushinda. Angeweza kumzimisha mtu kwa ngumi ya taya, na gemu ilitoa muziki mkubwa kwa hilo. Hakupenda. Alitaka mtu wake amshike mwenzake mkono au shingo na kusubiri mpaka yule wa chini agonge sakafu kwa kiganja, kwamba amekubali. "Mpe nafasi ya kugonga," alisema. "Huyu ukimzimisha, hajui alishindwa na nini. Akigonga, amechagua mwenyewe, na kesho anaenda kazi." Alizungumza juu ya wale watu wa kwenye kioo kana kwamba wana kadi za kliniki. Siku moja nilimsikia akimwambia yule mwanamieleka wa upara apunguze chumvi.

Kulikuwa na fundi wa redio kutoka Kinoru, kijana wa mjini, ambaye alikuwa na chumba cha gemu huko na alisifika kwamba hakuna aliyemshinda Meru nzima. Alisikia habari za mama mmoja wa Muthara, akacheka, akaja kujionea. Alifika na pedi yake mwenyewe imefungwa kwa kitambaa. Alimsalimia Sista kwa heshima sana, heshima ile ya mtu anayekuja kumshinda mzee.

Raundi ilipoanza Sista hakufanya lolote. Nasema kweli, mnene wake alisimama tu, mikono juu, akirudi nyuma na kuzunguka. Fundi alikuwa na vidole vya ajabu. Alipanga ngumi nne, teke, ngumi mbili, akaruka, akageuka. Zote zilikata hewa au ziligusa mikono ya mnene iliyokuwa imekinga. Watu tuliokuwa nyuma tukaanza kuguna.

"Mama, pigana basi," fundi akasema akicheka.

"Napigana," Sista akajibu.

Mstari wa fundi ulipobaki kama ukucha, mnene alisogea hatua moja tu. Mengine yalikwisha upesi. Fundi aligonga sakafu, akaomba tena, akagonga tena. Mara ya tatu alijaribu kumwiga Sista, naye akasimama bila kupiga, wakawa wanazungukana kama majogoo walioshiba, mpaka Sista akacheka na kuweka pedi chini. "Sasa umeanza kucheza," akamwambia. "Karibu chai." Yule fundi alikuja kila mwezi tangu hapo, na naambiwa huko Kinoru alipiga marufuku gemu ya moto katika chumba chake, wateja wakamkimbia.

Msimdhanie Sista malaika. Alikuwa mshindwaji mbaya sana. Siku chache tulizomshinda alisema mashine imepata joto, akaizima, na huwezi kuiwasha tena mpaka Jumamosi nyingine. Alikuwa pia mgomvi wa mdomo. Kwao ni Mbeere, chini ya Embu, na Kimeru chake kilikuwa na lafudhi ya kwao iliyowachekesha watu, basi yeye aliamua kugombana kwa Kiswahili, lugha ambayo alisema haina mwenyewe pale na kwa hivyo hakuna wa kumcheka. Aligombana na mwenye poshomili kwa sababu ya kelele, na mapadri kwa sababu ya kengele, na mimi kwa sababu ya viatu vyangu. Na mwanamke huyu aliyeshona vichwa vilivyopasuka bila kupepesa, hakuweza kuchinja kuku. Alimwita mwenye poshomili aje amchinjie, mtu yule yule aliyekuwa amemtukana asubuhi.

Tena kuna kisa cha kofi. Mwanamume mmoja alimleta mkewe kliniki, mkono umepasuka kwa kusukumwa kwenye mlango, na Sista akiwa anashona, yule mwanamume akawa amesimama pale akicheka, anasema mke wake analia kama mbuzi. Sista alimaliza kushona. Alifunga bendeji vizuri. Kisha akageuka na kumpiga yule bwana kofi lililosikika mpaka kwa wasaga unga. Kwa bahati mbaya alimpata kwenye mfupa wa taya. Wiki mbili Sista alitembea na kifundo cha mkono kilichofungwa, hawezi kushika pedi, na mtu akimuuliza alijibu kwa uso mkavu: "Nilikuwa karibu sana." Yule mke alibaki kliniki siku tatu, akaondoka pale na dada zake, si na mume. Sista hakuwahi kusema anajuta, na hakuwahi kusema alifanya vizuri.

Sasa nifike kwa jambo ambalo kwalo ninamshukuru zaidi, ingawa yeye hakutaka shukrani hiyo.

Nina kaka mkubwa, amenizidi miaka tisa. Baba yetu alipofariki alituachia shamba la miraa lililokatwa katikati kwa safu ya miti ya mpaka. Kaka yangu ni mtu wa maneno machache, na wakati huo alikuwa na mawazo mengi, kwani mke wake alikuwa mgonjwa. Msimu ule, alipoanza kulima, aliona kwamba upande wangu umekuwa mpana na wake umekuwa mwembamba. Akajiaminisha kwamba nimeng'oa miti ya mpaka na kuipanda upya. Hakuniuliza. Alikaa na jambo hilo wiki nzima.

Asubuhi moja nilikuwa nalima. Nilisikia jina langu, nikainua kichwa, nikamwona anapanda kati ya miraa na panga mkononi. Sikuhitaji kuuliza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umekula shamba ya baba," akasema. "Sasa unataka kunimaliza na mimi."

"Mkubwa, ngoja tuongee."

"Tuongee nini?"

Nilikuwa na jembe. Mimi wa zamani ningeliinua, na leo mmoja wetu angekuwa kaburini na mwingine jela. Nililiacha lianguke. Nikarudi nyuma nusu hatua.

Panga lilipita mbele ya kifua changu. Nilisikia upepo wake. Nikazunguka kuelekea juu, kisha kando, ili yeye abaki akipanda mwinuko kila aliponifuata. Nilitazama nyonga. Alikuja tena, nikaiona nyonga kabla ya mkono, nikatoka. Tawi la miraa likaanguka badala yangu. Mara ya tatu alikuwa tayari anahema. Hakuwa amekula, hakuwa amelala, na mimi niliona hayo yote, mabega yake yakipanda na kushuka. Nilikuwa naogopa sana. Lakini nilikuwa namwona. Niliona kwamba analia.

Mara ya nne panga liliingia katika shina na kukwama. Nilisogea hatua moja. Nikamkumbatia kwa ubavu, kichwa changu kwenye bega lake, mkono wenye panga nikaushika kwenye kifundo, nikamkalisha chini, nikamlalia. Sikumpiga. Nilimlalia tu kwa uzito wangu wote, na kila alipojaribu kuinuka nilibaki pale.

"Niachilie," alisema.

"Siwezi, Mkubwa. Useme basi."

Akanitukana. Akajaribu tena. Kisha nikasikia mwili wake wote ukilegea. Moyo wake ulikuwa unapiga chini ya kifua changu kama kitu kinachotaka kutoka.

"Basi," akasema.

"Basi?"

"Basi. Wewe ni mzito."

Tulibaki tumelala pale, tukitazama majani. Tulikuwa hatujagusana tangu nikiwa mtoto akinibeba mgongoni. Majirani walipofika mbio walitukuta tumekaa, tukipanguza uchafu. Jioni ile wazee wa pale walikuja na kamba, wakapima kutoka mawe ya zamani aliyoweka baba. Hakuna aliyehamisha mpaka. Ile mvua kubwa ilikuwa imeteremsha udongo wa juu, na miti ya mpaka ikateremka nao ikiwa imesimama wima, kama watu waliohama polepole bila kuaga. Kaka yangu aliutazama udongo ule kwa muda mrefu. Kisha akaomba jembe langu, akaanza kuchimba mtaro wa kuzuia maji, nami nikaenda kutafuta jembe lingine.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Sista nikiwa nimetunisha kifua. Nilimweleza yote, nusu hatua, mwinuko, nyonga, pumzi. Nilingoja anisifu.

Alinivua shati. Alinigeuza, akakagua mgongo, mbavu, mikono, mpaka kati ya vidole, kwa sababu mtu akiogopa hukatwa na asijue. Alipoona sina kitu, akakaa kitini.

"Kulikuwa na njia ya kukimbia?"

"Ilikuwako, Sista. Ile ya mtoni."

"Na miguu yako ilikuwa mizima?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini haukukimbia, mjinga wewe?" Sauti yake ilipanda mpaka wagonjwa wa chumba cha mbele wakanyamaza. "Kwa mashine watu hawakimbii kwa sababu imefungwa pande zote! Hakuna mlango! Kwa shamba mlango uko! Mimi nilikufundisha panga, mimi? Ukikosea mara moja, ni mimi naletewa wewe kwa gunia!"

Nikasema, "Lakini Sista, ningekimbia, angenifuata siku nyingine."

"Siku nyingine angekuwa amekula chakula," akasema. "Siku nyingine angekuwa amelala, hasira imepoa."

Aliondoka, akaenda nyuma. Nilimsikia akiosha vikombe. Nilijua vikombe vile ni safi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeviosha nikiingia. Aliviosha kwa muda mrefu. Mashine haikuwashwa mwezi mzima. Nimefikiri sana maneno yake tangu siku hiyo, na naona alisema kweli, na naona pia kwamba bila Jumamosi zake nisingemwona kaka yangu analia. Mambo yote mawili nimeyabeba hivyo hivyo, sijaweza kuyapatanisha.

Mchezo uliporudi, mimi ndiye niliyegundua kwamba kuna kitu. Nilianza kumshinda. Mwanzoni nilifurahi. Kisha nikaona kwamba anaiona hatua yangu, macho yake yanaiona kabisa, ila mnene anachelewa. Mkono wake wa kulia ulikuwa na mtetemo mdogo, mdogo sana, kama wa mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Nikaanza kumwachia. Nilikosa teke hapa, nikachelewa kukinga pale. Alishinda mara mbili. Mara ya tatu aliweka pedi chini.

"Unanihurumia," akasema.

"Hapana, Sista."

"Kijana, mimi nakujua. Tangu lini?"

Nikasema, labda tangu mwezi uliopita.

Safari hii hakusema mashine ina joto. Aliinua mkono ule mbele ya miwani yake, akautazama kama anavyotazama mkono wa mgonjwa, bila kuuonea haya.

"Kama kidole inachelewa kwa gemu," akasema, "inachelewa kwa sindano."

Jumatatu iliyofuata mtu alikuja na goti lililopasuka, Sista akamsafisha, akamfunga, akamtuma hospitali akashonwe huko. Hakushona mtu tena. Hakuna mgonjwa aliyelalamika, wala ofisi iliyomwandikia barua. Angeweza kuendelea miaka miwili bila yeyote kujua isipokuwa mimi, na mimi nisingesema. Mashine aliipeleka kwenye wodi ya watoto ya hospitali, pamoja na gemu ya moto. Ile ya kushikana alibaki nayo, sijui ya nini, kwa kuwa hakuwa na cha kuichezea. Kabla ya mwaka kwisha alifunga kliniki na kurudi kwao Mbeere.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumwona. Kaka yangu alipopata habari kwamba nasafiri, alisema anakuja. Sikuuliza sababu. Tulishuka kupitia Embu mpaka kule chini ambako joto linakungoja njiani, tukamkuta kwenye boma la mdogo wake, katikati ya ndengu na mbuzi, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazi. Mkono wake sasa ulitetemeka wazi. Alitusalimia, akataka kujua kama tumekula, na nilipomtambulisha kaka yangu alimtazama kwa kitambo.

"Ndiye huyu?" akaniuliza.

"Ndiye, Sista."

Kaka yangu aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimepanga maneno ya shukrani njia nzima, tangu Muthara. Nikaanza kuyasema. Nilisema kwamba alinitengeneza, kwamba alinifundisha kuishi. Akanikatiza kwa mkono.

"Wacha hiyo. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kucheza na yeye. Jumamosi ilikuwa ndefu sana pale Muthara." Kisha akasimama. "Nyinyi mmekuja saa nzuri. Niko na mbuzi anakohoa na daktari wa mifugo yuko mbali. Dawa iko. Mkono ndiyo hakuna."

Nilidhani ataniita mimi. Alimpa sindano kaka yangu.

Kaka yangu aliipokea kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa yai la ndege. Mimi nikaambiwa nimshike mbuzi. Sista alichuchumaa kando yake, akamwonyesha ngozi ya nyuma ya bega, jinsi ya kuivuta ikawa kama hema dogo, na mahali pa kuingiza.

"Mimi sijawahi, mama," kaka yangu akasema. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso.

"Najua. Pole pole. Vuta pumzi kwanza. Sasa ingiza. Usimwogope, hautamuumiza."

Akaingiza. Mbuzi akatikisa sikio moja tu. Kaka yangu akasukuma dawa polepole, ulimi ukiwa umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo kama mwanafunzi anayeandika, akachomoa, akapasugua kwa kidole gumba kama alivyoambiwa.

"Uko na mkono imetulia," Sista akamwambia.

Kaka yangu aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama upande wa pili.

Tulipofika Embu, tukiwa tumesimama tukingoja gari la kwenda Meru, ndipo aliponiambia kwamba yule mama amemwagiza arudi mwezi ujao, kuna mbuzi wengine wawili wa kuchomwa sindano.

"Na utaenda?" nikamuuliza.

"Nimemwambia tutaenda," akasema, akatazama barabara kama gari linakuja, na hakukuwa na gari.